Tafiti nne kutoka majarida ya mashaka: nizitupe au nizijumlishe?

Swali lenyewe, kwa ufupi. Daktari anayesomea uzamili wa magonjwa ya watoto nchini Tanzania anaandika tasnifu ya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya tafiti zote za swali moja, kuzipima na kuzijumlisha. Amekusanya majaribio 19 yanayojibu swali lake. Manne yametoka kwenye majarida anayoyashuku: tovuti zenye Kiingereza cha kuungaunga, wahariri wasiopatikana, makala iliyopokelewa Jumatatu na kukubaliwa Alhamisi. Ameambatanisha picha ya jedwali kutoka mojawapo. Msimamizi wake anamwambia ayaondoe, "yatakuchafulia kazi". Mtaalamu wa takwimu anamwambia kwamba kuondoa tafiti zilizokidhi vigezo ni upendeleo. Na mwishoni ameongeza: "Mimi mwenyewe nimeletewa mwaliko wa kuchapisha kwa dola 150, majibu ndani ya saa 72. Muda wa kuwasilisha unanibana. Nifanyeje?"

Daktari, habari za wodini.

Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Yale manne usiyatupe leo, na usiyajumlishe leo. Yaweke pembeni uyakague moja moja, kama unavyompokea mtoto aliyeletwa na barua ya rufaa isiyosomeka. Humrudishi getini kwa sababu ya mwandiko, na humpi dawa zilizoandikwa humo kabla hujampima. Halafu kuna jambo ambalo msimamizi wako hakulitaja: yale 15 ya majarida yenye majina nayo yapitie mizani ile ile. Najua nimekuongezea kazi. Vumilia nikueleze.

Jina la "majarida ya kitapeli" lilianza kuvuma mwaka 2010 kwa kazi ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, aliyeanza kuwaorodhesha wachapishaji wanaopokea ada ya mwandishi bila mtu yeyote kuisoma makala. Orodha yake ilifungwa Januari 2017, lakini biashara haikufungwa. Watafiti wawili, Shen na Björk, walikadiria kwamba mwaka 2014 majarida kama 8,000 ya aina hiyo yalitoa makala zipatazo 420,000, kwa ada ya wastani ya dola 178. Kwa hiyo hao wa dola 150 hawajakupendelea. Wamekutajia bei ya soko.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu molekuli ya kuvu-mwani inayodaiwa kuua seli za saratani. Aliijaza makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, kisha akaipeleka kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yaliikubali na 98 yaliikataa. Mengine yalikuwa yamekufa au hayajajibu. Mwandishi bandia alimpa jina la Ocorrafoo Cobange, wa Taasisi ya Tiba ya Wassee mjini Asmara. Hakuna mtu huyo wala taasisi hiyo. Sisi huku hatukucheka sana, maana jina la Kiafrika lilikuwa ndiyo kinyago kilichochaguliwa. Hata hivyo funzo lake moja halitajwi vya kutosha: miongoni mwa waliokubali yalikuwamo majarida yaliyo chini ya wachapishaji wakubwa kama Elsevier na Sage.

Wala usidhani huu ni ugonjwa wa umaskini wetu. David Moher na wenzake wa Ottawa walizipitia makala 1,907 za tiba kutoka majarida ya mashaka, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Zaidi ya nusu ya waandishi walitoka nchi za kipato cha juu au cha kati-juu. India iliongoza kwa 27%, Marekani ikafuata kwa 15%. Makala zilizotaja kibali cha maadili zilikuwa 40% tu. Na watu walioshiriki katika tafiti hizo, kwa hesabu yao, walipita milioni 2. Hapo ndipo ninapotofautiana na msimamizi wako. Katika hao wamo watoto waliochomwa sindano na mama waliotia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Kosa la kupeleka kazi mahali pabaya ni la mtafiti, na mara nyingi ni kosa la kutojua au la kukosa dola 2,000 na zaidi zinazodaiwa na jarida kubwa. Kuifuta damu ya mtoto yule kwa sababu ya tovuti mbovu, mimi naona ni dhuluma ya pili.

Sasa upande wa pili, wa hayo 15.

Joachim Boldt alikuwa daktari wa usingizi huko Ludwigshafen, Ujerumani, mtu mzito katika somo la maji ya mishipani. Alitetea maji yenye wanga, hidroksiethili stachi. Mwaka 2009 jarida la Anesthesia & Analgesia, jarida la heshima kabisa, lilichapisha jaribio lake. Wasomaji wakaandika barua: mbona vipimo vya damu vinafanana mno kati ya mgonjwa na mgonjwa? Binadamu hawako hivyo. Uchunguzi ukaonyesha hakukuwa na kibali cha maadili, wala dalili kwamba jaribio lilifanyika. Makala ikaondolewa mwaka 2010. Mwaka uliofuata wahariri wa majarida kadhaa wakatangaza nyingine karibu 90 zisizo na kibali, na leo zilizoondolewa zimepita 200. Makala hizo hazikuwa kwenye majarida ya kitapeli. Zilikuwa kwenye majarida ambayo wewe na mimi tungeyaamini bila kupepesa.

Tazama zilivyofanya kazi ndani ya mapitio. Mwaka 2013 Zarychanski na wenzake walichapisha katika JAMA mapitio ya majaribio ya wanga huo kwa wagonjwa mahututi. Kwa vifo walikuwa na wagonjwa 10,880. Wakijumlisha wote, hatari ya kufa kwa waliopewa wanga ilikuwa mara 1.07 (1.00 maana yake hakuna tofauti), na wigo wa makadirio hayo upande wa chini uligusa 1.00, ukingoni kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kusema "labda ni bahati mbaya tu". Walipoyatoa majaribio saba ya Boldt yenye wagonjwa 590, hatari ikawa 1.09 na wigo ukaanzia 1.02. Shaka ikaondoka: maji yale yanaua, na yanaharibu figo. Wagonjwa 590 kati ya 10,880 ni kama 5% tu, na walitosha kuufunika ukweli. Yako ni manne kati ya 19, na huenda sehemu yao ya wagonjwa ni kubwa kuliko hapo. Pima mwenyewe.

Mfano wa karibu zaidi ni ivermektini, dawa ambayo huku tunaijua kwa usubi na minyoo. Novemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Benha, Misri, waliweka mtandaoni makala ambayo bado haijahakikiwa, wakidai dawa hiyo inapunguza vifo vya UVIKO kwa 90% hivi. Haikuwahi kufika jarida lolote, la kitapeli wala la heshima, lakini ikaingizwa katika metaanalisisi mbili (hesabu zinazounganisha matokeo ya tafiti nyingi) zilizosomwa dunia nzima. Miezi ikapita. Aliyeifungua kweli alikuwa mwanafunzi wa uzamili London, Jack Lawrence. Kwanza aliona aya za utangulizi zimenakiliwa na kubadilishwa maneno kwa kamusi: ule ugonjwa "mkali wa njia ya hewa" tunaouita SARS ulikuwa umegeuzwa kwa visawe hadi jina lake rasmi likapotea, kosa ambalo hakuna daktari wa mapafu angelifanya kwa mkono wake. Akatafuta faili la takwimu, likawa limefungwa kwa nywila. Akajaribu 1234. Likafunguka. Ndani, utafiti uliodai kuanza tarehe 8 Juni ulikuwa na wagonjwa waliokufa kabla ya siku hiyo, na mmoja alikuwa na tarehe 31 Juni. Julai 2021 makala ikaondolewa. Metaanalisisi ya kundi la Andrew Hill, iliyokuwa imedai vifo vinapungua kwa 56%, ikaondolewa na waandishi wenyewe na kuandikwa upya. Ilipobaki na tafiti zenye kuaminika, faida ile haikuonekana.

Kilichonikaa rohoni katika kisa hicho ni kwamba vifomu vyetu vya kupima upendeleo, yaani kasoro za utafiti zinazopotosha matokeo, vilikuwepo na vilijazwa. Fomu inauliza "je, upangaji wa nasibu ulielezwa?", yaani wagonjwa kugawanywa makundi kama kwa kura, na muongo hujibu "ndiyo" vizuri kuliko mkweli. Hakuna kisanduku kinachouliza "je, wagonjwa hawa walikuwepo?" John Carlisle, daktari wa usingizi wa Uingereza, alipokagua majaribio yaliyoletwa kwa jarida la Anaesthesia kati ya 2017 na 2020, alishuku tarakimu za uongo katika 2% tu ya yale aliyoona majedwali yake peke yake. Pale alipopewa takwimu za mgonjwa mmoja mmoja, kiwango kikapanda hadi 44%. Majaribio yalikuja kwenye jarida lile lile. Kilichobadilika ni mkaguzi kupewa faili.

Basi kazi yako na yale 19 ni hii.

Kwanza angalia kama yalisajiliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Kwa tafiti za Afrika, nenda kwenye sajili ya Pan African Clinical Trials Registry iliyoko Cape Town, ni bure. Usajili uliofanywa baada ya utafiti kwisha si ushahidi wa uongo, ila umekwisha kupoteza nusu ya thamani yake. Tafuta kila kichwa cha makala kwenye kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizoondolewa, na kwenye PubPeer, ambako wasomaji huhoji makala zilizochapishwa. Angalia pia wagonjwa wale wale wasiwe wamechapishwa mara mbili kwa majina tofauti ya makala, maana hilo hutokea sana na utawahesabu mara mbili bila kujua. Na usitulie kwa kuwa makala umeipata PubMed, ile tovuti ya kutafutia makala za tiba. PubMed hubeba MEDLINE, ambayo majarida yake huchujwa, lakini hubeba pia makala zilizowekwa na waandishi kwa masharti ya wafadhili wao, na kwa mlango huo za mashaka huingia.

Pili, uliza kama wodi ingeweza kuzaa wagonjwa wale. Wewe wa watoto unaijua FEAST, lile jaribio la maji ya mishipani: watoto 3,141 wenye maambukizi makali, hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatoka 2011, na waliopewa maji ya haraka wakafa zaidi (kama 10.5%) kuliko wasiopewa (7.3%). Waliwasajili ndani ya miaka miwili hivi. Gawanya: ni kama watoto 22 kwa mwezi kwa hospitali, na hao walikuwa na wauguzi wa utafiti usiku na mchana. Ukikutana na hospitali moja ya wilaya inayodai watoto 240 wa hali hiyo kwa miezi mitatu, na hakuna hata mmoja aliyepotea katika ufuatiliaji, msimu wa mvua, barabara unazozijua, weka kalamu chini ujiulize.

Tatu, tarakimu. Ile picha uliyonitumia ina kundi la pili lenye watoto 40, na imeandikwa kwamba 31% walikuwa na homa. Fanya hesabu kwenye karatasi: watoto 12 kati ya 40 ni 30%. Watoto 13 ni 32.5%. Hakuna mtoto wa 12 na nusu kasoro. Kwa hiyo 31% haiwezekani kwa watoto 40. Usikimbilie kupiga kelele, kwa sababu huenda mtoto mmoja hakupimwa joto, na 12 kati ya 39 ni 30.8%, ambayo ukiikadiria ni 31% sawia. Jedwali halisemi. Hapo umepata swali la kumuuliza mwandishi, na ni swali ambalo aliyefanya kazi kweli hulijibu kwa dakika tano.

Nikupe kisa changu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mapitio yenye tafiti mbili zilizonisumbua. Moja ilikuwa kwenye jarida ambalo anwani yake ilikuwa sanduku la posta nchi moja na namba ya simu nchi nyingine. Nilimwandikia mwandishi, tabibu wa hospitali ya misheni. Alinipigia siku ile ile, akanitumia kwa WhatsApp picha za daftari la utafiti: kaunta buku ya kwaya nne, kurasa zenye madoa ya ayodini, kila jina la mgonjwa amelifunika kwa kipande cha plasta kabla ya kupiga picha. Upangaji wake haukuwa wa nasibu kweli. Namba shufwa za jalada walikwenda huku, witiri kule. Hilo ni doa la kitaalamu, nikaliandika hivyo. Lakini wagonjwa walikuwepo, mpaka na mmoja aliyetoroka wodini amemwandika. Utafiti wa pili ulikuwa kwenye jarida lenye jina. Niliandika barua tatu. Mpaka leo sijajibiwa, na jedwali lake lina mchepuko sanifu (kipimo cha namna tarakimu zinavyotawanyika) mmoja uliojirudia katika safu nne.

Kwa hiyo waandikie waandishi wote wa 19, kwa maneno yale yale, ili asiwepo anayejiona ameshukiwa peke yake. Omba namba ya kibali cha maadili na jina la bodi iliyokitoa, faili la takwimu lisilo na majina, na maelezo ya nani alipanga makundi na kwa njia gani. Wape wiki mbili, kumbusha mara mbili, tunza kila jibu. Bodi ya maadili unaweza kuiandikia moja kwa moja pia. Usitumie neno "kughushi" popote. Huna ushahidi huo na si kazi yako kuhukumu.

Baada ya hapo kila utafiti utajipanga wenyewe. Uliothibitika unaingia, hata kama jarida lake ni la aibu, na unapimwa upendeleo kama mwingine. Ulioondolewa rasmi unatoka, na unataja kwamba umetoka na kwa nini. Ule wenye mashaka mazito yasiyojibiwa usiufute kimya kimya: tangu 2021 utaratibu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya kimfumo, ni kuuweka kwenye kundi linalosubiri uainishaji, nje ya hesabu kuu lakini mbele ya macho ya msomaji. Kisha fanya hesabu mara mbili, pamoja na hao na bila hao, na chapisha zote. Muhimu sana: amua kanuni hizi kabla hujaona hesabu inaelekea wapi. Kama protokoli yako (mpango wa kazi ulioandikwa kabla) iko PROSPERO, sajili ya mipango ya mapitio, ingia leo uirekebishe, weka tarehe na sababu. Ukingoja kuona matokeo ndipo uchague cha kutoa, mtaalamu wako wa takwimu atakuwa sahihi kabisa kuliita upendeleo.

Ule mwaliko wa dola 150, usijibu. Hata "asante, sihitaji" usiandike. Utakuwa umewathibitishia kwamba anwani yako ina mtu. Kuna mwenzangu mmoja aliyeituma makala yake kwa haraka, akazinduka, akaomba kuitoa, akadaiwa ada ya kuitoa kubwa kuliko ya kuiingiza. Makala bado imening'inia kule, na hakuna jarida la maana linaloweza kuipokea ikiwa imeshachapishwa. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada iliamuru kampuni ya OMICS ya Hyderabad kulipa dola milioni 50.1 kwa mambo ya namna hii hasa: ada zilizofichwa, wahakiki wa kudai tu, wahariri wasiojua kwamba ni wahariri, na makala zilizozuiwa kuondoka. Hukumu ile haikumrudishia mtu makala yake.

Soma kanuni za chuo chako kwa makini: zinadai makala iliyochapishwa, au iliyowasilishwa? Tofauti ya neno moja hilo imewaokoa wengi. Tafuta jarida kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, au DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria yaliyochujwa. DOAJ unaweza kuchuja yasiyotoza ada kabisa. Wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha wa ada kwa nchi za kipato cha chini, lakini wengi hutaka uuombe mapema, kabla ya kuwasilisha au wakati wa kuwasilisha. Ukisubiri wakukubali ndipo uombe, wengi hawakusikilizi.

Kwa msimamizi wako usiende na hoja, nenda na majedwali mawili ya matokeo, moja lenye yale manne na moja lisilo nayo, na faili la barua pembeni. Na barua ya kwanza iandikie yule wa 31%. Muulize tu, kwa adabu, walikuwa watoto wangapi.